Kutafuta Kazi Uganda kwa Mpango: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa mtafuta kazi anayesoma Kiswahili nchini Uganda, awe amehitimu chuo mjini Kampala, awe fundi wa Jinja au Mbale, awe mwalimu anayengoja nafasi Arua, au mkimbizi kutoka Kongo anayeishi Nakivale. Yote yanazunguka jambo moja ambalo waajiri wanalijua na waombaji wengi hulipuuza: sehemu kubwa ya kutafuta kazi hufanywa kabla tangazo halijatoka, na anayeanza kujiandaa baada ya kuliona tangazo huwa amekwisha kuachwa nyuma.

Nianzie wapi? Je, niombe kila nafasi ninayoiona?

Hapana. Chagua kwanza aina mbili au tatu za kazi unazoziweza na ambazo unaweza kuzithibitisha kwa cheti au kwa kazi uliyokwisha kuifanya, kisha orodhesha waajiri wa aina hiyo walio katika eneo unaloweza kulifikia au kuhamia. Karani wa ghala anayeishi Mukono hana sababu ya kuhangaika na matangazo ya mashirika ya misaada ya Kampala ilhali viwanda vya Namanve viko njiani na karibu kila kimoja kina ghala. Nauli nayo ni sehemu ya mpango, kwa kuwa kazi ya malipo madogo inayokulazimu kupanda teksi mbili asubuhi na mbili jioni yaweza kukuacha na pesa chache kuliko ile ya mshahara mdogo zaidi iliyo karibu na nyumbani.

Wanaopinga ushauri huu husema kwamba mwenye njaa hachagui. Ni kweli, na hakuna ubaya wowote kufanya kibarua wakati unatafuta kazi ya fani yako. Lakini kibarua huombwa kwa miguu, kwa kufika mlangoni asubuhi, na hakihitaji kula muda ule uliotengewa maombi ya maandishi.

Ni nyaraka zipi ziwe tayari?

Kitambulisho cha taifa chenye NIN (namba ya utambulisho wa taifa), vyeti vya UCE (kidato cha nne) na UACE (kidato cha sita), cheti cha chuo pamoja na orodha ya alama, namba ya mlipakodi (TIN), ambayo URA (mamlaka ya mapato) huitoa bila malipo, na namba ya NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) ikiwa umewahi kuajiriwa. Muuguzi awe na leseni ambayo haijaisha muda na mwalimu awe amesajiliwa rasmi. Dereva ahakikishe kwamba leseni yake inataja daraja la gari analoomba kuliendesha. Kazi za ulinzi, za nyumbani na za maduka mara nyingi hudai pia barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) wa mahali unapoishi, na barua hiyo haipatikani kwa haraka ikiwa mwenyekiti hakujui.

Kagua tarehe ya kuisha kwa kitambulisho chako. Vile vilivyotokana na uandikishaji wa mwaka 2014 vilitolewa kwa muda wa miaka 10, na wapo waombaji wanaogundua kwamba muda umepita siku ileile ya kujaza fomu.

Tatizo linalowakwamisha watu wengi, nalo huonekana dogo mpaka siku ya mwisho, ni majina yasiyolingana. Mtoto aliandikishwa shule ya msingi kwa jina la babu yake, akafanya UCE kwa jina la ubatizo lililokosewa herufi moja, na leo kitambulisho chake kina majina matatu kwa mpangilio mwingine kabisa. Wanawake walioolewa wakaongeza jina la mume hukutana na jambo hilohilo. Mwajiri anayekagua nyaraka hana njia ya kujua kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja. Weka vyeti vyote mezani, vilinganishe herufi kwa herufi, na penye tofauti mwendee wakili au kamishna wa viapo ili uapishwe kiapo cha kuthibitisha majina. Ikiwa tofauti ni kubwa, huenda ukahitaji kubadili jina kisheria, na shughuli hiyo haikamiliki kwa siku mbili.

Cheti cha sekondari kilichotolewa nje ya Uganda, kwa mfano Kongo au Kenya, hupelekwa UNEB, baraza la taifa la mitihani, ili kilinganishwe na vya Uganda, na shahada ya nje hupelekwa NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu. Fanya hivyo sasa. Ukishamaliza, piga nyaraka zako skani, ziunganishe katika faili moja la PDF lenye jina lako, na ujitumie kwa baruapepe ili uweze kuzifungua katika duka lolote la intaneti.

Nimepoteza cheti. Rafiki ananiambia wachapishaji wa mtaa wa Nasser Road, Kampala, watanitengenezea kingine. Je, kuna hatari?

Ipo, nayo ni kubwa. Kutumia hati ya kughushi ni kosa la jinai, na waajiri wakubwa huulizia vyeti kwa waliovitoa hata baada ya mtu kuanza kazi. Ripoti polisi kwamba cheti kimepotea, kisha uombe barua ya uthibitisho kwa aliyekitoa.

Matangazo ya kweli hupatikana wapi?

Kwa kazi za serikali, tazama Tume ya Utumishi wa Umma, ambayo hupokea maombi mengi kupitia mfumo wake wa mtandaoni, pamoja na tume za utumishi za wilaya, ambazo nyingi bado hutaka fomu ya karatasi iitwayo PSC Form 3, mara nyingi katika nakala tatu. Afya, elimu na mahakama zina tume zao. Matangazo ya wilaya huchapishwa katika New Vision au Daily Monitor na kubandikwa kwenye ubao wa makao makuu ya wilaya, na ubao huo haustahili kudharauliwa, kwa kuwa wanaoishi mbali hawauoni.

Kampuni binafsi hutangaza katika tovuti zao, LinkedIn na tovuti za ajira kama BrighterMonday. Tangazo linalosambazwa katika makundi ya WhatsApp lichukuliwe kuwa fununu tu mpaka utakapolikuta katika tovuti ya mwajiri mwenyewe, kwa kuwa mengi huwa yamepitwa na tarehe au yamebadilishwa namba ya simu.

Anayelenga sekta ya mafuta ajiandikishe katika rejista ya vipaji inayosimamiwa na Mamlaka ya Petroli ya Uganda, ijulikanayo kwa kifupi NOGTR. Miradi ya Tilenga na Kingfisher, pamoja na bomba la kilomita 1,443 linalotoka Hoima hadi Tanga, haihitaji wahandisi peke yao. Inahitaji pia wachomeleaji, madereva, wapishi na walinzi, na kujiandikisha mapema ndiko kunakomfanya mwajiri akuone.

Je, ajira zina msimu?

Zinao, ingawa si kwa kila fani. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na wilaya isiyo na bajeti ya mishahara haiwezi kuajiri hata kama nafasi ziko wazi. Shule binafsi hutafuta walimu Desemba na Januari, kabla ya muhula wa kwanza kufunguliwa Februari, kwa hiyo mwalimu anayepeleka barua Machi hubaki akisubiri mwenzake augue au aache kazi. Mashirika ya misaada huajiri mradi unapopata fedha, na hapa yafaa kusema wazi kwamba mambo yamebadilika: tangu Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025 na baadaye kuifunga USAID, watu wengi wenye uzoefu wa miradi ya afya wamerudi sokoni, na mhitimu mpya anashindana nao kwa nafasi chache zilizobaki.

Ni kweli kwamba bila kujuana hakuna kazi?

Kuna ukweli ndani yake, lakini ukweli huo hueleweka vibaya. Nafasi nyingi katika kampuni ndogo na za kati hazitangazwi kabisa. Mkuu wa idara huuliza wafanyakazi wake kama wanamjua mtu, na jina la kwanza linalotajwa na kuonekana linafaa ndilo linaloitwa. Hilo halina budi kutofautishwa na rushwa, au na afisa anayempa mpwa wake kazi asiyoistahili. Kwa mtu wa kawaida, kujuana hufaa zaidi katika kupata habari: nani anaajiri, lini, na anataka nini.

Kosa la wengi ni kumwendea mtu na ombi zito lisilo na umbo. Ukimwambia mjomba wako "nitafutie kazi", umemtwika mzigo wako wote, naye atakujibu "nitaangalia" na yatakwisha hapo. Linganisha na ujumbe huu:

"Mjomba, habari za siku nyingi? Poleni na kazi. Nimemaliza stashahada ya uhasibu na ninalenga nafasi ya karani wa hesabu katika viwanda vya Namanve. Sikuombi uniombee kazi. Naomba tu uniambie ni nani anayeshughulikia ajira pale kwenu, na kama hupokea barua kwa mkono au kwa baruapepe. Nisalimie shangazi na watoto."

Mjomba aweza kuujibu ujumbe huo kwa dakika moja bila kuweka heshima yake rehani. Waandikie hivyohivyo waliokufundisha, uliosoma nao, waumini wenzako wa msikitini au kanisani, na hasa wale waliokuwa wakubwa wako mahali ulipofanya mafunzo ya vitendo, kwa sababu hao wamekuona ukifanya kazi. Mtu akikusaidia, mrudishie habari ya kilichotokea hata kama hukufanikiwa. Ni adabu, na pia humfanya akukumbuke nafasi nyingine ikitokea.

Wasifu wangu uwe wa kurasa ngapi, na niandike nini?

Kurasa mbili zatosha kwa karibu kila mtu, isipokuwa wahadhiri na wataalamu wa miaka mingi. Acha dini, kabila, majina ya wazazi na orodha ya mambo upendayo, isipokuwa fomu ya mwajiri ikiyadai. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza ubaguzi wa jinsia, dini, ulemavu na mengineyo, na hakuna haja ya kumpa mtu nafasi ya kubagua kimyakimya.

Jambo lenye uzito ni namna unavyoeleza ulichokifanya. Mtu aliyefanya kazi katika duka la jumla pale Kikuubo huandika "nilihusika na mauzo na majukumu mengine niliyopangiwa", na msomaji haambulii chochote. Mtu yuleyule angeweza kuandika: "Niliuza vifaa vya umeme kwa wafanyabiashara wa rejareja kutoka mikoani, nikatunza daftari la madeni, nikahesabu mali ghalani kila Jumamosi na kupeleka fedha benki kila jioni." Sentensi ya pili haina sifa hata moja, lakini inaonyesha mtu anayeaminiwa na fedha, anayejua hesabu ya mali na aliyezoea wateja. Ikiwa tangazo linataka mtunza ghala, ile kazi ya Jumamosi itangulie; ikiwa linataka keshia, benki itangulie. Huko ndiko kuuandika wasifu upya kwa kila ombi, na kwa aliyejizoeza hakuchukui muda mrefu.

Wadhamini wawe watatu, na wawe wameulizwa kabla. Inasikitisha mwajiri akimpigia mtu simu na kujibiwa: "Huyo ni nani?"

Barua ya maombi bado inasomwa?

Husomwa ikiwa fupi. Taja nafasi na namba yake ya kumbukumbu kama ilivyo kwenye tangazo, eleza mambo mawili yanayokufanya ufae, sema lini unaweza kuanza, kisha shukuru. Iandike kwa Kiingereza isipokuwa mwajiri ameagiza vingine, kwa sababu hiyo ndiyo lugha ya ofisi nyingi nchini, hata zile ambazo watu wake huzungumza Kiganda au Kiswahili kutwa nzima.

Sina uzoefu wowote. Nifanyeje?

Mara chache mtu huwa hana uzoefu wowote. Mafunzo ya vitendo ya chuoni, hesabu za SACCO ya kijiji, kusimamia duka la mama, kufundisha watoto wa jirani masomo ya ziada, kuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi: yote hayo ni kazi, mradi uyaeleze kwa vitendo na uwe na mtu wa kuyathibitisha. Fundi aliyejifunzia gereji bila kuingia darasani atafute kupimwa na chombo cha serikali ili apate cheti cha ujuzi wake. Kwa miaka mingi DIT, kurugenzi ya mafunzo ya viwandani, ilikuwa ikiwapima mafundi wa namna hiyo.

Kujitolea ni jambo zuri ikiwa kuna mwisho unaojulikana na kitu cha kujifunza. Ofisi inayokuweka mwaka mzima bila malipo, bila barua na bila nauli, huku ukifanya kazi ya mtu kamili, imekugeuza kuwa mfanyakazi wa bure.

Kiswahili changu kina thamani gani sokoni?

Kina thamani, lakini nje ya ualimu na ukalimani hakitoshi peke yake. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, jambo linalowafungulia njia walimu. Kampuni za usafirishaji na uwakala wa forodha katika Malaba, Busia na Mutukula zinahitaji watu wanaoweza kuzungumza na madereva wa Kenya na Tanzania. Mashirika yanayofanya kazi Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja huhitaji wakalimani kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na polisi na jeshi wamekitumia tangu zamani. Katika wasifu, usiishie kwenye "Kiswahili: vizuri". Andika kwamba unaweza kutafsiri taarifa kutoka Kiingereza, au kuendesha kikao, au kuandika barua rasmi, kulingana na ukweli.

Mimi ni mkimbizi, au raia wa nchi jirani. Naruhusiwa kuajiriwa?

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Hata hivyo, si kila mwajiri anaijua, na wapo wanaoogopa kitambulisho cha mkimbizi kwa sababu hawajawahi kukiona. Barua fupi kutoka shirika linalowahudumia wakimbizi, inayoieleza haki hiyo, husaidia sana. Kwa raia wa Afrika Mashariki, Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, lakini kibali cha kazi bado kinahitajika. Kenya, Rwanda na Uganda zimeondoleana ada yake.

Wakala ananiomba fedha ili nipelekwe kazini Ughaibuni. Nimwamini?

Usitoe shilingi kabla hujamkagua. Kampuni zenye leseni ya kupeleka wafanyakazi nje zimeorodheshwa katika mfumo wa Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii uitwao EEMIS. Asiyekuwamo hana ruhusa, hata awe na ofisi nzuri yenye vigae. Dai risiti yenye jina la kampuni na mkataba unaotaja mwajiri, mshahara na nchi, na umwachie ndugu nakala. Anayekutaka usafiri kwa viza ya utalii kisha "mambo yatanyooshwa huko" anakupeleka pabaya. Wapo Waganda walioahidiwa kazi za kompyuta huko Asia wakajikuta wamefungiwa katika kambi za utapeli nchini Myanmar.

Kwa kazi za ndani ya nchi mambo ni mepesi zaidi: anayedai ada ya fomu, ya usaili au ya "kufungua faili" kupitia fedha za simu ni tapeli, au ni mla rushwa.

Nijiandae vipi kwa mahojiano?

Jua mwajiri anafanya nini, soma tangazo tena, na uandae mifano mitatu ya kazi uliyoifanya: iliyokwenda vizuri, iliyokuwa ngumu, na uliyoifanya pamoja na wengine. Karibu kila swali litajibika kwa mmoja wa mifano hiyo. Tume na mashirika makubwa hutoa mtihani wa maandishi kabla ya mahojiano, hivyo jizoeze hesabu fupi na ufahamu wa habari kwa saa iliyopimwa. Nenda na vyeti halisi. Mvua na msongamano wa Kampala si udhuru unaopokelewa, kwa hiyo anayetoka Entebbe au Mukono aondoke mapema kupita kiasi.

Nikiulizwa mshahara ninaoutaka, nijibu nini?

Taja kiasi, na ujue ni kabla au baada ya makato. Usitarajie sheria ikutajie kiwango: kima cha chini kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na muswada wa kukibadilisha uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukutiwa saini na Rais. Waulize wanaofanya kazi kama hiyo mahali pengine.

Hesabu ya makato ifanye mwenyewe. Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2024/25, mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi hukatwa PAYE (kodi ya mshahara) ya 202,000 na mchango wa NSSF wa asilimia 5, yaani 50,000, hivyo mkononi hufika 748,000. Mwajiri huongeza asilimia 10 ya NSSF kutoka mfukoni mwake. Akikuambia kwamba nayo inatoka kwenye mshahara wako, ametoka nje ya sheria.

Nimeomba na sijajibiwa. Nifuatilie lini?

Weka daftari lenye tarehe ya ombi, jina la mwajiri, nafasi, siku ya mwisho, mtu uliyemwandikia na kilichofuata. Wiki mbili baada ya siku ya mwisho, andika ujumbe mmoja wa heshima. Usipige simu kila siku. Tume za wilaya huchukua muda mrefu na hubandika majina ubaoni, kwa hiyo mwenye ndugu karibu na makao makuu amtume akatazame.

Daftari hilo lina faida nyingine. Ukiona huitwi kabisa, kasoro iko katika wasifu au katika aina ya kazi unazozichagua. Ukiitwa kila mara na kuishia kwenye mahojiano, nyaraka zako hazina neno, na ufanye mazoezi ya kujibu maswali na mtu atakayekukosoa bila huruma.

Nimepata barua ya kazi. Nitazame nini kabla ya kusaini?

Jina la mwajiri, cheo, mahali pa kazi, mshahara, saa, likizo na muda wa majaribio. Kwa Sheria ya Ajira, majaribio hayapaswi kuzidi miezi 6, na yakiongezwa kwa miezi mingine isiyozidi 6 ni lazima mfanyakazi akubali. Mwajiri naye anatakiwa akupe masharti ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu uanze. Tangu sheria ya NSSF iliporekebishwa mwaka 2022, kila mwajiri anapaswa kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Baada ya mshahara wa pili au wa tatu, angalia taarifa ya akaunti yako ya NSSF. Ukikuta umekatwa na fedha hazijafika, uliza kwa maandishi, na usipojibiwa peleka nakala ya barua hiyo kwa afisa wa kazi wa wilaya.